Kura ya Kwanza Hupigwa Bila Sisi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi wa Magomeni, Dar es Salaam, mwishoni mwa Februari 2025, na kuandikwa upya na mzungumzaji mwenyewe kwa ajili ya wasomaji.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa Magomeni, akina mama, na ninyi vijana mlioziacha shughuli zenu Jumamosi hii mkaja kukaa hapa,

Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo halijapoa katika vijiwe vya kahawa vya mji huu tangu mwaka uanze: nani ataongoza chama kipi, nani atasimamishwa, nani atakatwa, na wapiga kura, ifikapo Oktoba, watampa nani. Sitakwepa kubashiri, kwa kuwa mmeniita kwa ajili hiyo. Naomba tu nianze nyuma kidogo, kwa sababu ubashiri usio na kumbukumbu ni maneno ya kupitishia jioni, na jambo lililo mbele yetu linahitaji zaidi ya hapo.

Mwezi uliopita, ndani ya siku tano, vyama viwili vikubwa vilimaliza suala la uongozi kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Tarehe 18 na 19 Januari, mkutano mkuu maalumu wa CCM uliokaa Dodoma ulimchagua Mzee Stephen Wasira kuwa Makamu Mwenyekiti wa Bara, kisha ukampitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea wa urais wa Muungano na Dk. Hussein Mwinyi kuwa mgombea wa Zanzibar, na likatajwa pia jina la Dk. Emmanuel Nchimbi kuwa mgombea mwenza. Desturi tuliyoizoea ya makada kuchukua fomu katikati ya mwaka wa uchaguzi, kuzunguka mikoani kutafuta wadhamini na kuzirejesha, safari hii kwa nafasi ya urais imefungwa kabla haijafunguliwa. Siku mbili baadaye, hapa hapa Dar es Salaam, katika ukumbi wa Mlimani City, wajumbe wa Chadema walikesha wakipiga na kuhesabu kura, na kulipopambazuka tarehe 22 ikajulikana kwamba Tundu Lissu amepata kura 513 na Freeman Mbowe, aliyekiongoza chama hicho tangu 2004, amepata 482. Mbowe aliyakubali matokeo hadharani hata kabla hayajatangazwa rasmi, na kwa hilo anastahili heshima ya kila mtu, awe mwanachama wa chama gani.

Tofauti ya Mlimani City ilikuwa kura 31. Naomba mwishike namba hiyo, nami niwape nyingine ya zamani.

Julai 1995, nikiwa kijana wa miaka 26, nilikaa na wenzangu kwenye redio tukifuatilia habari kutoka Chimwaga, Dodoma. CCM ilikuwa inatafuta mtu wa kumrithi Mzee Ali Hassan Mwinyi, na majina yaliyofika mwisho yalikuwa matatu. Katika duru ya kwanza Jakaya Kikwete aliongoza kwa kura 534, Benjamin Mkapa akapata 459 na Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyefikia nusu, ikabidi kurudia kwa wawili wa juu, na mara ya pili Mkapa akapata 686, Kikwete 639. Tofauti ya kura 47. Watu wanaoweza kuenea ndani ya basi moja la mikoani ndio waliogeuza mizani, na miezi michache baadaye zaidi ya watu milioni nne wakampigia Mkapa kura, kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye aliyemchagua Rais. Alimchagua, ni kweli. Lakini alichagua kutoka katika orodha ambayo ilikwisha kuandikwa.

Kila nchi yenye vyama ina hatua hii ya awali, na sioni ubaya wowote katika kuwapo kwake. Kwetu sisi, hata hivyo, hatua hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu ya sheria. Ibara ya 39 ya Katiba yetu inataka anayegombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho, na Ibara ya 67 inaweka sharti kama hilo kwa mbunge. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga jambo hili mahakamani tangu miaka ya tisini, akashinda, Katiba ikabadilishwa, akaenda tena, akashinda tena, kisha Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba si kazi ya mahakama kuamua, bali ya Bunge. Alikwenda mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliyopo Arusha, ambayo tarehe 14 Juni 2013 iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Miaka karibu kumi na miwili imepita na mlango bado umefungwa. Mtikila amekwisha kutangulia mbele ya haki, na swali lake limebaki.

Maana yake kwa mtu wa Magomeni ni hii: mlango wa chama ndio mlango pekee wa dola. Ukimpenda jirani yako kwa uadilifu wake, ukamwona anafaa kuliko wote, huwezi kumpa hata udiwani wa kata hii mpaka kwanza awe mtu wa chama na wajumbe wa chama hicho wamkubali. Ndiyo maana siwabezi hata kidogo watu wanaoshinda kijiweni wakijadili nani atakatwa. Wanajadili hatua muhimu kuliko zote ambayo wao hawaruhusiwi kuifikia, na mtu akizuiwa kuona ndani ya nyumba inayoamua maisha yake, hubaki kusikiliza sauti zinazopita ukutani. Tetesi zetu nyingi zimezaliwa hivyo. Kosa letu, kama lipo, ni kwamba tunashindana juu ya majina tu na hatuulizi utaratibu: wajumbe ni akina nani, walipatikanaje, wanahesabiwa na nani, na mwanachama wa kawaida mwenye kadi yake ana sauti gani. Wakazi wa mji huu wanakumbuka msemo uliozagaa Julai 2020, wakati wa kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kupendekeza wagombea, kwamba wajumbe si watu wazuri. Watu waliucheka, mimi ulinihuzunisha, kwa kuwa ulikuwa unasema kwamba tumekubali kundi dogo lituamulie, na kilichobaki kwetu ni kulilalamikia.

Na uongozi wa chama ukiyumba, mpiga kura ndiye anayelipa. NCCR-Mageuzi mwaka 1995 ilimsimamisha Augustine Mrema, ikapata karibu asilimia 28 ya kura za urais na viti 16 vya majimbo. Mwaka uliofuata Mrema huyo huyo aliingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Temeke, na wakazi wa Temeke wa rika langu bado wanausimulia uchaguzi ule. Hapakuwa na chama cha upinzani chenye nguvu kama kile Bara. Kisha viongozi wakagombana juu ya nani hasa ni mkuu wa chama, wakapelekana mahakamani, mwaka 1999 Mrema akahamia TLP, na ilipofika 2000 NCCR haikuwa hata na mgombea urais. Waliokuwa wameipa kura mamia kwa maelfu hawakuulizwa lolote.

Mwaka 2015 tulipewa somo jingine, safari hii kwa kasi kubwa. Makada 42 wa CCM walichukua fomu za urais na 38 wakazirejesha. Edward Lowassa, ambaye vijiwe vyote vilikuwa vimekwisha kumpa ushindi, jina lake halikufika hata katika tano bora. John Magufuli, ambaye wachache sana walimtaja, aliibuka na zaidi ya asilimia 87 ya kura za mkutano mkuu, mbele ya Balozi Amina Salum Ali na Dk. Asha-Rose Migiro. Kabla Julai haijaisha Lowassa alikuwa Chadema, na Agosti akawa mgombea wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani. Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, Dk. Slaa akaachana na siasa za vyama. Katika wiki chache mpiga kura wa upinzani aliombwa ampokee mtu ambaye viongozi wake walikuwa wamemshutumu kwa miaka, na wengi walimpokea: zaidi ya kura milioni sita, karibu asilimia 40. Mwaka 2019 Lowassa akarudi CCM. Simsemi vibaya marehemu, na alikuwa na haki yake ya kwenda alikoona panafaa. Ninawasemea wale milioni sita.

Hapa mjini kwetu jambo hilo lilitugusa kwa karibu zaidi. Katika uchaguzi ule wa 2015 Dar es Salaam ilikuwa na majimbo kumi, na sita yalikwenda kwa vyama vya Ukawa. Kabla ya miaka mitano kwisha, wabunge watatu kati ya hao sita, wa Kinondoni, Ukonga na Temeke, walijiuzulu, wakajiunga na CCM na kurudi bungeni kwa tiketi ya chama walichohamia. Kila mmoja alikuwa na sababu alizozieleza. Lakini mtu wa Tandale au Hananasifu aliyesimama juani mwaka 2015 akichagua sera fulani, alijikuta ana mbunge yule yule mwenye sera nyingine, na pengine ndipo imani ya wengi ilipoanza kuvuja. Mwaka 2020 majimbo yote kumi yalikwenda CCM.

Sasa nije kwenye wapiga kura wenyewe, kwa sababu tunapobashiri huwa tunawagawa makundi mawili, wa chama tawala na wa upinzani, na kulisahau kundi la tatu ambalo katika chaguzi nyingine limekuwa kubwa kuliko yote mawili: waliojiandikisha na hawakwenda. Mwaka 1995 walijitokeza kama asilimia 77 ya waliojiandikisha, na mwaka 2005, wakati CCM ilikuwa inatafuta mrithi wa Mkapa, walikuwa kama 72. Mwaka 2010, Rais akiwa anatetea kiti chake, waliporomoka hadi karibu asilimia 43. Mwaka 2015, kiti kikiwa wazi na kinyang'anyiro kikali pande zote mbili, wakapanda hadi 67. Mwaka 2020, Rais akiwa tena anatetea kiti, wakashuka hadi karibu 51. Daftari lilikuwa na watu zaidi ya milioni 29, waliopiga kura walikuwa takribani milioni 15.

Mnaiona picha inayotaka kujichora hapo: nafasi ikiwa wazi ndani ya vyama, wananchi huja, na ikiwa imefungwa, hubaki nyumbani. Nimeishikilia hoja hii kwa muda mrefu na bado naiamini, lakini lazima niwaambie kwamba mwaka 2000 unanipinga, kwa kuwa Mkapa alikuwa anatetea kiti chake na bado waliojitokeza walifika kama asilimia 84. Huenda zama zile mfumo wa vyama vingi ulikuwa bado mpya na matumaini yalikuwa mabichi. Hata hivyo, kuanzia 2005 mpaka leo mwendo umekuwa huo.

Kwa hiyo mkiniuliza nabashiri nini kuhusu CCM mwaka huu, jibu langu halimhusu mgombea urais, maana hilo limekwisha. Joto lote ambalo lingetumika katika urais litateremka kwenye ubunge na udiwani. Kura za maoni za mwaka huu zitakuwa kali, watakatwa wengi wenye majina, na kwa mwanachama wa kawaida hapo ndipo penye uchaguzi hasa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba iliyopita, ambao CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za vijiji, mitaa na vitongoji huku upinzani ukilalamikia wagombea wake kuenguliwa kwa wingi, umewafanya watia nia wengi waamini kwamba ukishapita kwa wajumbe umekwisha kupita. Mimi naiona imani hiyo kuwa ya hatari kwa chama chenyewe, kwa sababu mgombea anayeamini hivyo hana sababu ya kutuomba kura sisi. Ipo nafuu moja ambayo wachache wameigundua: sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeondoa kupita bila kupingwa, hivyo mgombea aliyebaki peke yake naye atapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Mwaka 2020 wabunge zaidi ya ishirini walipita bila karatasi moja kuwekwa katika sanduku.

Kuhusu Chadema, swali la kijiweni halihusu tena nani ataongoza. Linahusu kama chama kitashiriki. Uongozi mpya umesimama juu ya msimamo kwamba bila mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi, hakuna uchaguzi. Wanachotaka kibadilishwe si kitu cha kubuni. Rais wetu huchaguliwa kwa kura nyingi tu, bila sharti la kuvuka nusu, tangu mabadiliko ya mwaka 2000, na Ibara ya 41 inasema matokeo ya urais yakishatangazwa hayahojiwi mahakamani. Hayo ni mambo mazito, na chama kinachoyadai kinadai haki ya kila raia, hata ya mwana CCM, kwa kuwa hakuna aliyeandikiwa kushinda milele.

Wasiwasi wangu uko kwenye silaha ya kususa yenyewe, kwa sababu mimi nimeiona kwa macho. Tarehe 29 Oktoba 1995 nilisimama mstarini Kinondoni tangu alfajiri. Vifaa vilichelewa, jua likazama watu wengi hawajapiga kura, na baadaye uchaguzi wa jiji zima ukafutwa na kupangwa kurudiwa tarehe 19 Novemba. Vyama vya upinzani vikaususa. Nilikwenda siku hiyo ya pili, na mstari ulikuwa mfupi kiasi kwamba niliona aibu kama mtu aliyefika msibani baada ya mazishi. Majimbo yakapata wabunge wake hivyo hivyo. Zanzibar mwaka 2016, baada ya uchaguzi wa Oktoba kufutwa, CUF ilisusia marudio ya tarehe 20 Machi, na kwa miaka iliyofuata chama kilichokuwa na karibu nusu ya watu wa visiwa hakikuwa na mwakilishi barazani. Upande wa pili wapo wanaoitaja Kenya, ambako Raila Odinga alisusia marudio ya Oktoba 2017, waliojitokeza wakashuka hadi chini ya asilimia 40, na Machi iliyofuata Rais Kenyatta akampa mkono. Ni kweli. Lakini mkono ule uliwakutanisha viongozi wawili, na sijui kama mwananchi wa kawaida aliiona tofauti katika karatasi yake ya kura. Ubashiri wangu ni kwamba Chadema itaendelea na msimamo wake kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kiongozi aliyeshinda kwa kura 31 hana nafasi ya kurudi nyuma haraka bila kuwapoteza wale waliompa ushindi.

Kama hilo litatokea, wapiga kura wake watakwenda wapi? Wengi mnanitajia ACT-Wazalendo. Chama hicho kina jambo moja ambalo vingine havina: mwaka jana Zitto Kabwe alifika ukomo wa muda uliowekwa na katiba ya chama chake, akakabidhi uongozi kwa Dorothy Semu, na mambo yakaendelea. Ningependa vyama vyetu vyote vilitazame hilo. Lakini sioni kura zikihama kwa agizo. Mpiga kura wa Chadema wa Ubungo au Kawe ana uchungu wake na historia yake, na akiambiwa chama chake hakipo, uwezekano mkubwa ni kwamba atakwenda kwenye lile kundi la tatu nililolitaja.

Hapo ndipo nataka kusema nililokuja kulisema. Mpwa wangu atatimiza miaka kumi na minane mwezi Agosti. Wiki iliyopita aliniuliza, "Mjomba, nijiandikishe kwa ajili gani, kama ninaowataka hawatakuwepo?" Nilimjibu hivi. Daftari la wapiga kura linaboreshwa mikoani tangu Julai iliyopita, lilianzia Kigoma, na sasa linakuja kwetu Dar es Salaam mwezi wa Machi. Anayehusika ni kila aliyefikisha umri au atakayeufikisha ifikapo siku ya uchaguzi, aliyehama makazi, na aliyepoteza kadi au kadi yake ikaharibika. Watu watakaojitokeza Oktoba watahesabiwa kwa kulinganishwa na walio katika daftari hilo. Aliyejiandikisha kisha akaamua kutokwenda, kutokwenda kwake kutaonekana katika hesabu za taifa, na wanasiasa watalazimika kueleza kwa nini. Asiyejiandikisha hahesabiwi popote, wala hajasusa kitu, ni kama hayupo. Uamuzi wa nani wa kumpa kura, au kama kuna wa kumpa, unaweza kusubiri mpaka Oktoba, tuone nani amesimama, nani ameondolewa, na nani amekubaliana na nani. Uamuzi wa kuwemo daftarini hausubiri, kwa kuwa siku zake ni chache na zitapita.

Alinyamaza kidogo, akaniuliza vituo vitakuwa wapi. Nimemwahidi kwamba tutakwenda pamoja, maana na mimi nimehamia Kigamboni mwaka juzi na kadi yangu bado inasoma Kinondoni.